Rangi Iliyokatazwa Kuanguka

Ukitaka kumjua mtu wa mji ule, usijisumbue kumtazama usoni. Mwache apite mbele ya nguzo, kisha utazame miguu yake. Wapo walioharakisha, wapo waliogundua papo hapo kwamba ndala imeingia kijiwe, na wapo waliosimama wakatoa salamu kwa sauti kavu ya watu wasio na doa, na hao ndio waliokuwa na mengi. Chengo peke yake hakuwa na namna ya kupita. Yeye alikuwa anaishi humo humo, kati ya nguzo, amepewa kitanda, funguo na cheo. Cheo chenyewe kilikuwa Mthamini, na alikivaa vizuri.

Mji haukuwa na jina, wala siku zake hazikujua kupanga foleni. Ungeweza kulala Alhamisi ukaamkia Jumanne ya zamani, ukaukuta uji ulioukosa siku ile ukiwa bado na moto. Wenyeji hawakushangaa. Palikuwa na jambo moja tu lililokwenda mbele bila kurudi, nalo lilikuwa rangi ya nguzo, kwa hiyo maisha yao waliyapimia hapo.

Mtu akifa alichongewa nguzo ya mti mgumu: mabega, shingo, kichwa cha mviringo. Uso hakuchongewa. Fundi aliuacha ubapa mtupu, kwa kuwa uso wa marehemu ulikuwa kazi ya wale waliomkosea. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake na rangi ya udongo na maji, mwanamume na ngeu nyekundu, mwanamke na chokaa, akaiinamia nguzo, akainong'oneza kosa lake, akapaka mpako mmoja. Mpako huu ukawa nyusi, ule ukawa shavu, mwingine mdomo, na hivyo marehemu akapata sura kutokana na mabaya aliyotendewa. Halafu watu walingoja. Rangi ile haikuwa na kitu cha kuishikilia, na jua, upepo na mijusi vilifanya kazi yao bila haraka. Siku gamba la rangi yako lilipobanduka lenyewe likaanguka chini, marehemu alikuwa amekuachia. Uliliokota, ukalisaga kizingitini kwako, ukapika wali, ukaita majirani. Kulisaidia kwa ukucha kulikuwa wizi, na hapakuwa na wizi mbaya kuliko huo. Na aliyekufa rangi yake ingali juu ya nguzo ya mwenzake alizikwa hivi hivi, bila nguzo, bila ubapa wa kupakwa, kana kwamba yeye hakuna aliyewahi kumkosea. Hata jina lake watu waliacha kulitaja.

Chengo ndiye aliyeziwekea nguzo paa. Aliwaambia watu kwamba mvua inakula mti na jua linakula rangi, na kwamba mji unaoacha sura za wafu wake zipukutike hautakuwa na cha kuwaonyesha wajukuu. Maneno mazuri hayakosi wa kuyapigia makofi. Wakaezeka, wakakandika kuta, wakatia mlango na kufuli, wakaiita Nyumba ya Kudumu, na funguo wakampa yeye aliyelia zaidi. Kuhifadhi ni kitu gani? Hilo ndilo swali lililomkaa Chengo kooni tangu siku ile, na kila alipolikaribia lilibadilika sura. Asubuhi lilikuwa mapenzi: mtu hahifadhi asichokipenda. Adhuhuri lilikuwa mamlaka: aliye na ufunguo ndiye anayesema kipi kikae na kipi kipotee. Jioni, akiwa peke yake na harufu ya mti wa kale, lilikuwa hofu tupu, hofu ya kitu kumaliza safari yake na kumwacha mtu njiani. Alijua jibu la jioni ndilo la kweli. Akazoea kulala mapema.

Na tusisahau hili, maana watu walilisema kwa wivu: Chengo hakuzeeka. Rika lake walikwisha kuota mvi na kupoteza meno, yeye bado alikuwa kijana wa siku alipofunga lile kufuli. Kucha zake hazikukua. Ndevu zilisimama pale zilipokuwa. Wenzake walimtania kwamba anakula dawa ya nguzo, naye alicheka nao, ila kicheko hakikumfika moyoni.

Alasiri moja walikuja Wageni wa Lenzi. Walikuwa watu wa adabu, wenye glavu nyeupe na kioo kidogo kilichoning'inia shingoni, na walipima uzuri wa kitu kwa jinsi kilivyokataa kubadilika. Walizipita nguzo zote kwa minong'ono, kisha wakasimama muda mrefu mbele ya ile ya Ngowa, kaka yake Chengo wa tumbo moja.

"Hakuna gamba hata moja lililopotea," alisema mkubwa wao. "Bwana Mthamini, hii ni bora kuliko zote. Kesho tutailetea sanduku la kioo. Baada ya hapo hata hewa haitaigusa."

Chengo aliinamisha kichwa kuipokea sifa. Ilimshuka kooni kama kidonge kilichokosa maji. Walipoondoka alibaki akiitazama sura ya Ngowa, na kama ilivyokuwa kawaida yake saa hizo, sura ile ilianza kuteleza. Nyusi zilikuwa za Ngowa, kisha zikawa zake. Mdomo ulikuwa wa maiti, kisha ukawa wa mtu anayetaka kusema jambo na hana wa kumsikiliza. Chengo alijipapasa usoni kuhakikisha nani amesimama na nani amechomekwa ardhini.

"Hodi humu, shemeji."

Alikuwa Mbeyu, mjane wa Ngowa. Zamani yeye na Chengo walikuwa rika moja, wakitaniana kishemeji kila wakutanapo. Sasa alikuwa na fimbo mkononi, mgongo umeinama, na watoto wa mji walipowaona pamoja walidhani ni mama na mwana. Vidole vyake vilikuwa vyekundu na zambarau kwa kutia rangi ukili wa mikeka, kazi iliyomlisha tangu afiwe.

"Karibu, shemeji. Pita ukae."

Mbeyu alikaa kwenye mkeka, akavuta pumzi kwanza. Kifua chake kililia kama mlango mkavu.

"Nimekutana na watu wa glavu njiani. Wanasema mume wangu atatiwa chupani."

"Sanduku la kioo, shemeji. Asidhurike."

"Adhurike na nini tena, na keshakufa?"

Mbeyu aliinua macho kwenye nguzo, akautafuta mpako wake. Haukuwa na haja ya kutafutwa: chokaa pana, iliyokata shavu la kushoto kutoka jichoni hadi kidevuni, ndiyo iliyompa Ngowa ile sura ya mtu aliyelala ubavu.

"Bado ipo," akasema.

"Ipo."

"Ya mke wa Mrima nayo ilikuwepo mpaka tukamzika. Unakumbuka tulivyomzika?"

Alikumbuka. Mrima, msuka nyungo, alisimama kaburini na jembe mkononi, akingoja mtu amwambie achimbe wapi shimo la nguzo. Hapakuwa na nguzo. Watu walimshika mkono wakamrudisha nyumbani, na jembe wakambebea wao.

"Tangu uiezeke nyumba hii," Mbeyu aliendelea, "haijaanguka rangi ya mtu hata mmoja. Wali wa kuachiwa watoto wa siku hizi hawaujui, wanausikia kwenye hadithi. Mwanzoni nilidhani wafu wamekasirika pamoja. Nikafikiri tena. Wafu hawakasiriki pamoja, kila mtu hufa na hasira zake. Basi nikasema ya wengine siyajui, ila wangu mimi anajua alichoninyimia." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kifua hiki hakifiki masika, shemeji. Mimi naelewa, usinibembeleze. Nami sitaki kuzikwa kama mke wa Mrima. Nimekuja kukuuliza wewe unayelala naye humu. Ngowa ananichukia?"

Hapo ndipo lilipomfika. Kuna maswali ambayo mtu huyajibu kwa kukohoa, kuna ambayo huyajibu kwa kutoka nje kutazama mawingu, na Chengo alikuwa bingwa wa aina zote mbili. Hili halikumwachia mlango. Mwanamke huyu angekwenda kaburini akiamini kwamba mtu aliyempenda alikuwa amemkunjia uso hadi mwisho, na aliyeukunja uso ule alikuwa yeye, Chengo, kwa mikono yake miwili.

*

Nilisikia. Niseme hivyo kwanza, kabla sijajipa sababu. Nilisikia.

Ilikuwa alasiri, jua limekaa juu ya makuti halitaki kuondoka. Ngowa alikuwa chumba cha pili, mgonjwa wa miezi. Nilikuwa nimemgeuza asubuhi, nimemwosha, nimemlisha, nimemfuta. Nilijilaza. Akaita jina langu. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anayejua kwamba anasumbua. Nikajiambia: ataita tena. Akaita tena. Nikajiambia: mtu mwingine yupo. Nikafumba macho, nikafumbua, nikayatazama makuti. Hakuita mara nyingine. Nilipokwenda alikuwa amegeukia mlango.

Sijui alitaka nini. Hilo ndilo. Angekuwa ametaka maji ningejua nilimnyima maji. Angekuwa ametaka kuniambia neno ningejua nilimnyima sikio. Nilimnyima kitu nisichokijua, na kisichojulikana hakina mpaka.

*

Basi Chengo alikwenda akapaka ngeu yake siku nguzo iliposimamishwa, akainong'oneza yale yale. Alitegemea kungoja maisha yake yote. Alitaka kungoja, ukweli ni huo. Lakini kabla matanga hayajaanuliwa alipita pale akaona ukingo mwekundu umeinuka shavuni, mwembamba kama ganda la kitunguu, unatikisika kwa upepo. Ngowa alikuwa ameshamwachia. Hakuchukua hata muda wa kukasirika.

Mtu mwingine angepiga magoti akashukuru. Chengo alihisi ameibiwa. Kosa lile lilikuwa ndilo kitu pekee alichobaki nacho cha kaka yake, lilikuwa zito, lina joto, alilala nalo na kuamka nalo. Kama linaweza kudondoka upesi hivyo, basi ile sauti iliyoita mara mbili ilikuwa kitu gani? Aliona kwamba akisamehewa atasahau, na akisahau Ngowa atakufa mara ya pili, na safari hii muuaji atajulikana. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Tumpe haki yake, alijiambia vizuri.

Gundi aliipika mwenyewe kwa vipande vya ngozi ya mbuzi, akaichuja hadi ikawa nyepesi kama maji ya wali. Akachovya unyoya wa kuku, akaupitisha chini ya ule ukingo ulioinuka, akaubonyeza kwa kidole gumba, akangoja. Ukashika. Siku chache baadaye aliona jambo ambalo hakulifikiria: mipako mingine kwenye nguzo ile ile ilikuwa inaelekea kuanguka, na mmoja unaong'ang'ania peke yake utazua maneno. Akaipaka gundi nayo. Kisha nguzo ya jirani. Kisha zote. Kisha akaomba paa, asije mtu akauliza kwa nini mvua haizibandui. Ndivyo uhifadhi ulivyozaliwa katika mji ule, na wote waliokuja kuusifu hakuna aliyeuliza mamake nani.

Watu wakazikwa bila nguzo. Mmoja, halafu mwingine, halafu mke wa Mrima. Chengo alihudhuria mazishi yote, akasimama mstari wa mbele kwa cheo chake. Kila aliporudi alifungua mlango, akakaa mbele ya Ngowa, akajiambia kwamba sasa ana makosa mengi zaidi ya kuombea radhi, na aibu ya aibu zote ni kwamba wazo hilo lilimliwaza.

*

"Hakuchukii," Chengo alisema.

"Umejuaje?"

"Ni gundi, shemeji."

Mbeyu hakuelewa. Chengo akamweleza. Alimweleza kwa mafungu mafungu, akianzia mwisho, akirudi mwanzo, akiruka, kama siku za mji wao. Alimwambia habari za unyoya na ngozi ya mbuzi. Alimwambia kwamba mpako wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kuinuka. Alipofika kwenye ile alasiri sauti ilimpungukia, akaimaliza kwa kutikisa kichwa tu.

"Yako iliinuka," Mbeyu alisema polepole. "Na yangu ilikuwa wapi?"

"Juu ya yangu."

"Moja ikienda na nyingine inakwenda."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Mbeyu aliikamata fimbo yake kwa mikono miwili. Chengo alitamani ampige nayo, angeshukuru. Lakini mwanamke yule aliilaza mapajani, akawa anaitazama kana kwamba ameiona leo.

"Chengo," akasema, na lile neno shemeji akaliacha chini. "Nilikuona."

"Lini?"

"Siku hiyo. Nilikuwa mlango wa nyuma na ndoo mkononi. Alipoita mara ya kwanza nilichungulia, nikakuona umelala chali, macho umeyafumbua, unatazama makuti. Nikasema yuko macho, ataamka. Nikaenda kisimani. Ndilo kosa nililompelekea pale kwenye nguzo. Silo la kutosikia. La kwenda kisimani."

"Nilisikia ndoo," Chengo alisema. "Ndiyo nikasema mtu mwingine yupo. Nikasema Mbeyu yupo."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaukatiza alipofika mbele ya mlango, akauanza tena alipokwisha kupita.

"Nilipokuja kupaka," Mbeyu alisema, "nikakuta ngeu yako bado mbichi. Nikajua umekuja kusema nini. Watu wangeona ngeu ya ndugu wa tumbo moja pale shavuni wangeuliza, na wewe ulikuwa kijana, ulikuwa huna hata mke. Nikapaka yangu pana, nikaifunika yote. Nikasema huyu hata maisha hajayaanza, hili tutalibeba mimi na Ngowa." Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. "Nimekufunika, nawe ukanigandisha."

Chengo aliweka uso wake viganjani. Siku zote alidhani ile chokaa imeangukia pale kwa bahati tu, ya mwanamke asiyeona vizuri kwa machozi. Alikuwa ameitazama miaka yote kama kitu kinachomziba. Sasa ilimjia kwamba sura aliyoiita ya Ngowa ilikuwa mkono wa Mbeyu ulioenea juu yake, na haya ikampanda mpaka masikioni.

"Ibandue," alisema Mbeyu.

"Siwezi. Kuibandua yako kwa mkono ni wizi, wewe unajua. Na hata tukiitoa nje mvuani, gundi ile hailainishwi na maji baridi, itauzidi mti maisha. Mchwa wataumaliza mti, rangi ibaki imesimama."

"Sikusema yangu. Nimesema ibandue yako. Yako iliachiwa, ukairudisha juu kwa nguvu. Ukirudisha ulichoiba utaitwa mwizi?"

"Na yako?"

"Yangu imepanda juu ya yako. Itakwenda iendako."

"Kesho wanaleta kioo."

"Wataleta. Watakuta shavu halipo. Kwani shavu ni lao?"

Hapo ulimpata ubaridi ambao hakuutarajia. Si kioo kilichomtisha, wala kunyang'anywa cheo. Alitishika kwa sababu baada ya hapo angekuwa mtu aliyesamehewa, na hakujua mtu huyo anaamkaje asubuhi, anakula nini, anamkumbuka vipi kaka yake. Alikuwa na ujuzi wa kila aina ya mti na kila aina ya udongo, na jambo hilo moja hakufundishwa. La kuvunda halina ubani, walisema wahenga, naye alikuwa amechoma ubani maisha mazima.

Alipasha maji. Akachovya kitambaa, akakiweka juu ya lile shavu, akakishika hapo mpaka ubapa ukapata joto la mwili. Gundi ikaanza kulainika, ikatoa harufu ya mbuzi. Aliposhusha kitambaa ukingo ulikuwa umeinuka pale pale ulipoinuka kwanza, na hakuhitaji ukucha. Aliupulizia kwa mdomo. Gamba lilitengana na mti, zima, refu kama kiganja, likamwangukia mkononi: juu chokaa, chini ngeu.

Ubapa uliobaki ulikuwa mweupe wa mti mbichi, kama ngozi iliyokuwa chini ya bandeji. Ngowa hakuwa tena amelala ubavu. Alikuwa na nusu ya uso, na ile nusu nyingine haikuwa ikimtazama mtu.

Kitu kikamshuka Chengo mabegani hadi magotini. Magoti yakamwambia umri wake. Aliona kucha zake zimepinda, akahisi ndevu nzito kidevuni, na mgongo wake, ambao ulikuwa umesimama siku zote hizo kwa ajili ya wageni, ukaomba mahali pa kuegemea. Alikaa chini kando ya Mbeyu, na sasa wakawa rika moja tena. Akamnyoshea lile gamba.

"Chukua. Sema ni lako. Chokaa ndiyo inayoonekana, hakuna atakayebisha. Utazikwa na nguzo yako. Mimi nitabaki bila."

Mbeyu alipojibu hapakuwa na hasira, palikuwa na uchovu.

"Umeanza tena," akasema. "Unataka kunipa mimi ubaki nalo lako. Hapana, shemeji. Hili nitalisaga kizingitini kwangu, kwenye nyumba ile aliyofia, na nitapika wali. Utakuja. Utakaa mkekani na watu, utakula, na ukiulizwa wali wa nani utasema wetu sote wawili. Utashiba."

"Shemeji, afadhali unipige."

"Najua ni afadhali. Ndiyo maana sikupigi."

Akalichukua gamba, akalifunga kwenye pindo la leso, akasimama kwa fimbo yake. Mlangoni aligeuka, akazitazama nguzo nyingine zilizojipanga kwenye kivuli, kila moja na uso wake usiopungua.

"Na hizi?"

"Hizi sijui," Chengo alisema. "Hakuna iliyokuwa imeinuka nilipozitia gundi. Sijui ni nani angeachiwa na nani asingeachiwa. Hilo nimelifuta kabisa."

"Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo. Anza na Mrima."

*

Alitembea. Njia aliyoizoea kwa hatua za kijana ilikuwa ndefu, na mji uliteleza pande zake kwa namna yake: hapa palikuwa asubuhi, pale palikuwa mwaka wa ukame, kwenye kona ya msikiti palikuwa siku ya mazishi ya mtu ambaye alikuwa bado hajaugua. Wapita njia walimsalimu shikamoo. Hakuna aliyemtambua Mthamini ndani ya mzee yule, na yeye hakujitambulisha. Alikuwa akiyapanga maneno. Alikusudia kuyasema akiwa amesimama, hapo hapo uani, kwa mkato, halafu apokee chochote kitakachokuja, tusi au mpini wa jembe, na aondoke. Katika hesabu hiyo nayo aligundua kwamba alikuwa anajitafutia nafuu, akaiacha.

Mrima alikuwa barazani, ungo mapajani, anaukaza ukingo kwa kamba. Aliinua macho yaliyoingia ukungu.

"Karibu, mzee mwenzangu."

"Nina habari, Mrima. Nitaisema hapa hapa."

"Habari ya mlangoni nusu yake huchukuliwa na upepo. Panda barazani." Alivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa mkono, akakisogeza. "Kaa."

"Nikikaa utajuta kunikaribisha."

"Mgeni huyu ana maneno," Mrima alisema. Akaweka ungo kando, akaiegemea nguzo ya baraza, akasubiri. "Unamtafuta nani hasa? Humu niko peke yangu."

Chengo alikaa. Aliona kwamba hakuna mahali pa kuanzia isipokuwa mahali pamoja tu, na kwamba pale ndipo patakapouma zaidi.

"Nimekuja kwa habari za mkeo," akasema. "Za Nyadzua."

Na Mrima, ambaye tangu mazishi yale hakuwahi kusikia mtu akilitaja jina hilo, akatabasamu.